Saba, Inabaki Moja

Mwaka jana, katika mkutano wa matanga ya Baba Peninah uliofanyika kwenye ukumbi wa kanisa kule Kawangware, msimamizi wa shughuli alinisimamisha mbele ya watu. "Huyu mnamwona hapa," alisema, "ni msichana wa ploti yetu ya Gatwekera. Marehemu ndiye alimpeleka yunivasiti." Watu wakapiga makofi. Nikasimama pale, mwanamke wa karibu miaka hamsini, mkoba kifuani, nami sikuwahi kukanyaga darasa la chuo kikuu hata siku moja, na marehemu, aliyekuwa kwenye picha juu ya meza na tai yake ya kazini, alilijua hilo kuliko mtu yeyote. Nilishukuru, nikaketi. Binti yake, Peninah, aliyekuwa kando yangu, aliniegemea akaninong'oneza, "Waache tu. Hata baba hakuwahi kuwasahihisha." Ndipo nilipoanza kuukumbuka mwaka ule wa katikati ya miaka ya tisini, mwaka niliotoka kidato cha nne nikaanza kungoja. Tangu siku ile ya matanga nimeufikiria karibu kila wiki, na bado sijaamua kama wale watu walinipenda au waliniharibia. Nadhani walifanya yote mawili, kwa siku ileile moja, chai ikiwa mezani.

Niliishi na Anti Dorka, mdogo wa mama, katika ploti ile ya vyumba vya kupanga ya Gatwekera, mtaani Kibera, katika chumba kimoja kilichogawanywa kwa shuka la maua. Upande wa mbele kulikuwa na makochi mawili yenye vitambaa alivyovishona mwenyewe, meza, na jiko la mafuta ya taa. Nyuma ya shuka kulikuwa na kitanda na kila kitu kingine tulichomiliki. Ukuta wa udongo uliotutenganisha na Baba Peninah ulikuwa mwembamba kiasi kwamba akipiga chafya, Anti alimtakia afya bila kuinua macho kwenye kazi yake. Baba Peninah alikuwa tarishi katika ofisi moja ya serikali mjini. Kila asubuhi alipita Laini Saba akifuata reli, viatu vyake vyeusi vikiwa ndani ya mfuko wa karatasi, akivivaa tu alipofika mahali pasipo na matope. Kwa kuwa alibeba mafaili siku nzima, sisi wa ploti tuliamini kwamba alijua yaliyoandikwa ndani yake. Barua yoyote yenye muhuri ilipelekwa kwake kwanza. Naye hakuwa mtu wa majivuno. Alisoma polepole, akapangusa miwani, akasema maana yake, na hilo likawa limekwisha.

Kwa hiyo matokeo yangu yalipotoka na nikarudi na ile karatasi kutoka shuleni, sikuuliza nimpelekee nani. Alikuwa ameketi mlangoni kwetu jioni ile, Anti akichambua omena, dagaa wa ziwani, kwenye ungo. Mtihani wetu ulikuwa na utaratibu wake. Kila alama ilikuwa na pointi, A kumi na mbili, ukishuka ngazi kwa ngazi mpaka E yenye moja. Pointi zote zilijumlishwa, zikagawanywa kwa idadi ya masomo, na jibu likarudishwa kuwa herufi, nayo ndiyo iliyoitwa wastani. Herufi hiyo ndiyo iliyokuwa wewe kuanzia siku hiyo. Yangu ilikuwa imeshaandikwa pale chini, C plus, lakini Baba Peninah hakutaka kuiamini mpaka aihakiki. Alichana pakiti ya unga, akaigeuza upande mweupe, akachukua penseli. "Kiswahili A minus, kumi na moja. Historia B plus, kumi. Dini B, tisa. Kizungu B minus, nane." Baada ya hapo alishusha sauti, kama mtu anayetaja magonjwa ya mwenzake. "Mapishi C, sita. Baiolojia C minus, tano. Kemia nne. Hesabu nne. Jumla hamsini na saba. Gawanya na nane. Saba, inabaki moja."

"Na hiyo moja inaenda wapi?" Anti Dorka aliuliza.

"Hiyo inaachwa, Mama."

"Inaachwa na nani? Si mtoto ameifanyia kazi?"

Baba Peninah aliizungushia ile moja duara kwa penseli. Sidhani aliwahi kuulizwa. "Sheria ndiyo inaiacha," alisema mwishowe, na Anti akatikisa kichwa, akaendelea kuchambua omena kwa hasira. Nilicheka, lakini usiku ule nilijiuliza vilevile. Nilikuwa nimeisomea ile moja mahali fulani, pengine kwa mshumaa, na sasa haikuwa ya mtu.

Siku tatu baadaye alikuja na nakala ya waraka aliyoitoa ofisini, karatasi moja iliyokunjwa mara nne ndani ya mfuko wa koti. Aliusoma kwa Kiingereza kwanza, kisha kwa Kiswahili, kisha tena kwa Kiswahili kwa ajili ya wale waliochelewa kufika. Kiwango cha chini kabisa cha kuingia chuo kikuu ni wastani wa C plus. "Imeandikwa," alisema. "Serikali haiwezi andika kitu bure." Watu waliokuwa mlangoni wakanitazama upya. Mimi mwenyewe nilijitazama upya. Nilikuwa na rafiki shuleni aliyepata B, na wiki hiyohiyo nilikuwa nimesikia kwamba alikuwa akifunga na kuomba apate nafasi, na sikuelewa kabisa mtu wa B aliomba nini wakati sisi wa C plus tumeshaandikwa. Niliona labda ni mtu wa kujitia unyenyekevu. Nilipaswa kumuuliza. Sikumuuliza, kwa sababu nilikuwa na furaha, na furaha yangu wakati ule haikupenda maswali.

Jumapili iliyofuata ploti ilinifanyia sherehe. Akina mama wa kanisa walipika chapati na kuku kwenye kiwanja kilichokuwa kati ya milango yetu, na mwenye nyumba, Mama Zainabu, mama wa Kinubi aliyezaliwa hapo Kibera na ambaye kwa kawaida alifika mwisho wa mwezi tu, alikuja na gurusa, mkate wao mwembamba, akiwa ameupanga kwenye sinia. Watu wa ploti hawakuamini katika kumpa mtoto anayeenda shule maneno matupu. Kila mlango ulitoa kitu. Nilipewa blanketi, chupa ya chai, ndala, kikombe cha bati, taulo mbili. Mama Zainabu alinipa kawa la kufunikia chakula alilolisuka mwenyewe kwa rangi nyekundu na kijani, kazi ya wiki nyingi. Baba Peninah alitoa sutikesi ya kahawia, akavipanga vitu vyote humo isipokuwa kawa, mbele ya watu, akaifunga, akasema, "Sasa bado mwenyewe tu kuingia." Watu wakacheka. Kuanzia siku hiyo niliitwa Daktari. Nikienda kuchota maji, watu walinipisha kwenye foleni. Mtu mzima akikupisha mbele ya bomba kwa ajili ya herufi moja na alama ya kujumlisha, unaanza kuogopa, hata kama hujui unaogopa nini.

Kungoja kulikuwa kurefu, kwani waliokubaliwa chuo kikuu walikaa nyumbani muda mrefu kabla ya kuitwa, kwa hiyo Anti alinitafutia kazi katika saluni ya rafiki yake, Mama Shiro, pale kituo cha Kawangware 56, karibu na maduka ya vifaa vya ujenzi. Nilikwenda kwa miguu kila asubuhi. Kazi yangu ilikuwa kuosha nywele na kufagia. Chumba kilikuwa na vioo vitatu, kimoja kikiwa na ufa, na saa saba tulikula githeri ya mahindi na maharagwe kwa sahani za plastiki huku wateja wakikauka nywele na kuongea juu ya vichwa vyetu. Niliipenda saluni ile. Wanawake wakiwa chini ya ile mashine ya kukaushia huongea kwa sauti kubwa bila kujua, na hivyo nilisikia ndoa zao, kesi zao za mashamba, na hali za matumbo yao.

Siku ya Jumanne moja alikuja mteja aliyeitwa na wote Madam, karani katika idara ya kusajili wanafunzi ya chuo fulani. Mama Shiro alinisifia kwake. "Huyu msichana anaenda yunivasiti. Ako na C plus."

"C plus ngapi?" Madam aliuliza.

"Si C plus ni C plus?"

"Pointi ngapi?"

"Hamsini na saba," nilijibu, maji ya sabuni yakinitiririka mpaka viwikoni.

Madam alingoja nimalize kumsuuza. Kisha akajifunga taulo, akanigeukia. "Sikiza, mtoto. Hiyo C plus inakupea ruhusa ya kuomba. Haikupei kitanda."

"Kwani vitanda vinahusiana aje na mtihani?"

"Ndiyo hiyo sasa. Wanahesabu vitanda kwanza. Wakijua ni vitanda ngapi viko kwa mabweni, wanaanza na wale wa juu kabisa, wanashuka, wanashuka, mpaka vitanda viishe. Mahali vinaishia, hapo ndipo mlango unafungwa. Kuna mwaka unafungwa kwa B. Kuna mwaka B minus. Kwa C plus, mimi sijawahi ona ukifika."

"Na mwaka huu utafungwa wapi?"

"Hakuna mtu anajua mpaka ufungwe." Akaingia chini ya mashine, nayo ikaanza kuvuma. Mama Shiro alinitazama, kisha akatazama kwingine. Nilifagia sakafu ambayo tayari ilikuwa safi.

Jambo hili ningeweza kuliacha lipite kama maneno ya mtu mmoja, lakini wiki hiyohiyo likanidai uamuzi: Jerusha, mwenzangu wa darasani, alikuja kunitafuta saluni. Jerusha alikuwa na C minus, na hakuna aliyemfanyia sherehe. "Sasa, Rispa. Ijumaa kuna intaviu ya vyuo vya ualimu kule wilayani kwetu," alisema. "Wanafanya siku moja tu. Ubebe karatasi ya matokeo na kitambulisho. Twende, nitapanda basi kesho usiku." Ualimu wa shule za msingi. Nilikuwa nimeutamani tangu nikiwa mdogo, na sijui kama nilikuwa nimewahi kumwambia mtu. Nilimjibu kwamba nitamwambia kesho, nikarudi Gatwekera kwa hatua za haraka.

Jioni hiyo nilimweleza Anti na Baba Peninah habari ya vitanda. Anti aliacha kukanda unga. Baba Peninah alisikiliza mpaka mwisho, akaenda chumbani kwake, akarudi na gazeti la zamani lililokuwa na makala juu ya waliochaguliwa mwaka uliotangulia. Kidole chake kilikuwa tayari kimeshika mstari. Ilisemwa pale kwamba wastani wa wanafunzi walioingia ulikuwa karibu na B. "Sasa soma vizuri," aliniambia. "Wastani. Wewe ulifunzwa wastani ni nini? Ni katikati. Kama katikati ni B, basi kuna walio juu ya B, na lazima kuna walio chini ya B. Haiwezekani wote wawe juu. Hao wa chini ni akina nani? Si ni watu kama wewe?" Nilisoma. Ilikuwa kweli. Lazima kulikuwa na walio chini. Nilijaribu kumkumbuka Madam na maneno yake ya mlango, lakini yale ya gazeti yalikuwa yamechapishwa, na ya Madam yalitoka kwa mwanamke mwenye taulo kichwani. "Na hiyo ya ualimu," Baba Peninah aliendelea kwa upole, "ni ya D plus na C minus. Ukienda na C plus utachukua nafasi ya mtu ambaye hana pengine. Utamnyima mwenzako, na yako ikuwe inakungoja kule?"

Leo naweza kukueleza kosa lilikuwa wapi. Kiwango cha chini ni mahali unapoanza kuhesabiwa. Wastani ni katikati ya watu ambao tayari wako ndani. Mlango wenyewe ni kitu cha tatu, na hayo mawili hayakwambii umefungwa wapi. Chini ya ule wastani wa B kulikuwa na watu, ndiyo, lakini walikuwa B minus, wamesongamana hapo hapo chini yake, si mimi. Ninalieleza hivyo vizuri sana sasa. Wakati ule nilikuwa nayo yote matatu mkononi na sikuweza kuyapanga. Na nitasema ukweli wote, kwa kuwa aliyekosea hakuwa Baba Peninah peke yake. Nilipolala niliitazama ile sutikesi juu ya kabati, na kawa limefungwa juu yake kwa kamba kwa sababu halikutosha ndani. Niliwaza kuwaambia wale akina mama wa chapati kwamba ninaenda ualimu. Niliwaza watu wa bomba la maji. Niliona aibu. Asubuhi nilimwambia Jerusha aende peke yake, na nilimwambia kwa sauti ya mtu mwenye mahali pengine pa kwenda, jambo ambalo hunichoma mpaka leo.

Orodha ya waliochaguliwa ilipofika shuleni, jina langu halikuwamo. Niliisoma mara nne, nikidhani wameniandika kwa jina la ubatizo. Yule rafiki yangu wa B alikuwamo, karibu na mwisho. Nilipomwambia Baba Peninah, hakubishana. Siku ya pili alikuwa na mafaili ya kupeleka katika jengo ambalo walikuwamo wenye kujua, akauliza. Alirudi jioni mvua ikinyesha, na kitu cha kwanza nilichokiona ni kwamba alikuwa amevaa viatu. Alikuwa ametembea reli yote na matope yote bila kukumbuka kuvivua. Aliketi kwenye kochi la Anti, maji yakimchuruzika. "Vitanda viliisha," alisema. Anti alimwekea ugali na sukuma. Hakula. Baadaye nilimsikia upande wa pili wa ukuta akivipangusa vile viatu, muda mrefu sana.

Nilijaribu kurudisha vitu. Nilianza na mlango wa kwanza nikiwa na blanketi mikononi, na mama wa pale alinifungia mlango taratibu kabla sijamaliza sentensi. Wa pili alisema hakumbuki kunipa chupa. Nilikwenda mpaka kwa Mama Zainabu na lile kawa. Alinikaribisha ndani, akanipa chai yenye tangawizi, akaniuliza, "Kwenu mmeacha kula?" Nikasema hapana. "Basi funika chakula chenu, mwanangu." Sikujua kama alikuwa amekasirika, au amenihurumia, au ndiyo adabu yao. Nilirudi na kawa. Hakuna aliyeacha kuniita Daktari. Hilo ndilo nililoshindwa kulielewa. Niliwaambia kwa mdomo wangu kwamba sikuchaguliwa, wakatikisa vichwa kwa huruma, na kesho yake, "Daktari, habari ya asubuhi." Labda walinifariji. Labda kweli hawakutaka kusikia.

Jerusha alikuja likizo mwezi wa nane, amenenepa, amevaa sketi ya bluu ya chuo. Tuliketi upande wa mbele wa shuka, tukala mandazi. Alinieleza habari za bweni, za mazoezi ya kufundisha, za mwalimu wao wa muziki. Halafu akasema, kama anayekumbuka tu, "Siku ile ya intaviu walitupanga kwa alama. Afisa akasema wenye C plus wasimame upande huu, hao watapita bila maswali, wanawahitaji. Hakuna mtu alisimama, Rispa. Aliita mara mbili. Mimi nilikuwa naangalia geti nikidhani utatokea." Redio ya Baba Peninah ilikuwa ikisoma habari upande wa pili. Ikazimwa.

Usaili uliofuata ulipotangazwa, Baba Peninah aliomba likizo kazini, jambo ambalo Peninah alisema halijawahi kutokea. Hakuniuliza kama nataka aje. Alikata tiketi mbili, tukasafiri mpaka wilayani kwetu, na uwanjani, kati ya mamia ya vijana, alisimama dirishani mwa ofisi badala ya kuketi kwenye benchi. Mwaka huo hawakuita watu kwa alama. Tulipanga foleni tu, na wa C plus tulikuwa wengi. Zamu yangu ilipofika jua lilikuwa limepinda. Afisa alikuwa mwanamke mwenye sauti iliyokauka kwa kuita majina. Aliitazama karatasi yangu, akatazama tarehe.

"Hii si ya juzi," alisema. "Hizi alama unazo mwaka mzima. Mwaka jana nilitafuta watu kama wewe hapa, nikawakosa. Ulikuwa wapi?"

Ningeweza kusema niliugua. Wengi walisema hivyo. "Nilikuwa nimechaguliwa kwenda yunivasiti," nilimjibu.

"Na nani?"

"Na majirani."

Aliinua macho. Nilitazama dirishani bila kukusudia, naye akafuata macho yangu. Baba Peninah alikuwa bado amesimama, kofia mkononi, jasho likimtoka.

"Na yule?"

"Ni mmoja wao."

Afisa hakucheka. Aliandika jina langu kwenye orodha ya waliopita, mstari wa tatu kutoka chini, kisha akamwashiria mzee aingie. Baba Peninah aliingia, akaniangalia, akainama juu ya meza. Alivaa miwani. Alisoma jina langu polepole, la kwanza na la pili na la ukoo, midomo ikimsogea. Kisha, kabla afisa hajamzuia, aliishika ile karatasi ya orodha pembeni, akaigeuza, akatazama kama nyuma yake palikuwa pameandikwa sharti jingine.